Herufi Moja Tu: Jinsi ya Kulinda Anwani ya Tovuti ya Biashara Yako

Mwambie mtu wa Kongowea aandike jina la mji wa Burnt Forest bila kulitazama popote. Mmoja ataandika "Burn Forest", kwa sababu ile t ya katikati haisikiki mtu anapolitamka. Mwingine ataandika "Bunt". Wa tatu ataliunganisha liwe neno moja, na wa nne ataongeza r kwenye "Forest" ili liwe na uzito. Hakuna aliye mjinga hapo. Kila mmoja ameandika alichosikia.

Mji wenyewe uko kaunti ya Uasin Gishu, kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya baridi, ya mahindi, maziwa na viazi. Watu wa bara wengi huviita waru, sisi huku twaviita mbatata, na vikiteremka Pwani huishia kwenye karai za bhajia, viazi karai na chipsi. Kati ya mkulima wa kule na muuzaji wa huku pana zaidi ya kilomita 700 za barabara. Watu hawa wawili huenda wakafanya biashara miaka bila kuonana uso kwa uso. Wanachojuana nacho ni sauti ya simu, jina la biashara, na siku hizi baruapepe na anwani ya tovuti.

Hapo ndipo herufi moja inapoweza kula pesa za lori zima.

Shida inavyotokea

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara wa Burnt Forest amefungua tovuti akaipa anwani burntforestviazi.co.ke. Wateja wake wa Mombasa, Kilifi na Malindi huagiza kupitia hapo, na yeye huwatumia hesabu ya malipo kwa baruapepe yenye mwisho huo huo. Siku moja dalali wa Kongowea anapata ujumbe: "Tumebadilisha akaunti ya benki. Malipo ya magunia 100 tafadhali weka kwenye hii mpya." Nembo ni ile ile. Jina la mtumaji ni lile lile. Idadi ya magunia ni sahihi. Dalali analipa shilingi 250,000, kisha anapiga simu: "Mama, pesa nishatuma, lori laondoka lini?" Mama anamjibu kwamba hajaona hata senti.

Wakitazama upya ule ujumbe, wanakuta ulitoka bumtforestviazi.co.ke. Soma tena polepole. Herufi r na n zikikaribiana kwenye kioo kidogo cha simu huonekana kama m. Mwizi hakuvunja mlango wa mtu. Alinunua jina linalofanana na la mwenziwe, akafungua baruapepe, akaandika barua.

Wataalamu huliita jina kama hilo kikoa. Wengi mitaani husema domeini. Kulisajili ni rahisi. Jina linalomalizikia .co.ke hugharimu takriban shilingi elfu moja kwa mwaka kutegemea wakala, na kanuni ni ya aliyetangulia kupata. Wakala anayekuuzia hakuulizi kama jina lafanana na la jirani yako. Mwisho wa .go.ke umetengewa serikali, .ac.ke vyuo, na .sc.ke shule, lakini .co.ke, .ke na .com ziko wazi kwa kila mtu.

Si mchezo mpya, wala si wa kwetu peke yetu

Huko Marekani mtu aitwaye John Zuccarini alisajili maelfu ya majina yaliyokosewa herufi, mengine ya vitu vinavyopendwa na watoto kama vile Disneyland. Mtoto akikosea kuandika, alitupwa kwenye kurasa chafu. Alikamatwa mwaka 2003, na Februari 2004 akahukumiwa kifungo cha miezi 30.

Mwaka 2016 mchezo huo uligusa jina la nchi ambayo wengi wetu tuna ndugu: Oman. Mwisho wa anwani za Oman ni .om. Mtu akitaka kuandika .com akaikosa ile c, anajikuta .om. Machi mwaka huo kampuni ya usalama ya Endgame ilieleza kwamba imekuta zaidi ya majina 300 ya namna hiyo, yakiwemo ya kuigiza Netflix na Citibank, na baadhi yake yalipakia programu chafu kwenye kompyuta ya mgeni.

Kisha kuna Mali. Jeshi la Marekani hutumia anwani zenye mwisho wa .mil, na Mali hutumia .ml. Julai 2023 gazeti la Financial Times liliripoti habari za Mholanzi Johannes Zuurbier, aliyekuwa akisimamia anwani za Mali kwa mkataba. Tangu Januari mwaka huo alikuwa amekusanya zaidi ya barua laki moja zilizokusudiwa kwenda jeshini, zikaenda kwake kwa sababu watu waliiruka i moja. Ikiwa jeshi lenye fedha zote zile halikuponyoka, duka la mbatata litaponyoka vipi?

Na hapa nyumbani, tangu Januari 2024 wageni wengi wa kigeni wanaokuja Kenya huomba idhini ya kusafiri kupitia mtandao. Tovuti rasmi ni etakenya.go.ke. Lakini mgeni akitafuta kwenye Google hukutana na nyingine zenye majina ya karibu, zinazomtoza zaidi ya ada ya serikali. Wenye hoteli na nyumba za wageni Diani, Watamu na Lamu wanaijua adha hii. Dawa ni kumtumia mgeni anwani kamili mapema badala ya kumwambia "tafuta tu mtandaoni", na kumwonyesha ile .go.ke ya mwisho.

Aina za makosa

Ukizijua aina zake, utaweza kukisia mwizi atapita wapi.

Makosa ya vidole: kuruka herufi (burnforestviazi), kurudia herufi (burntforrestviazi), kupishanisha mbili (bunrtforestviazi), au kugusa kitufe cha jirani.

Makosa ya macho: rn kuwa m, o kuwa sufuri, l ndogo kuwa moja au I kubwa. Kuna hata herufi za Kirusi zinazofanana kabisa na a, e na o zetu, ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha.

Makosa ya sikio: haya ndiyo yanayotuhusu zaidi sisi, na miongozo mingi ya kigeni huyasahau. Kwetu jina la biashara husafiri kwa mdomo. Mtu hulisikia redioni, sokoni, au kwenye simu yenye kelele, kisha huliandika anavyolisikia. Kanga au khanga? Hamisi au Khamisi? Gunia au guniya? Dhahabu au zahabu? Kwa majina ya bara, ni Chep au Jep? Kila jina lenye kh, th, dh au herufi isiyosikika lina pacha wake ambaye hajazaliwa bado.

Makosa ya mwisho: .com badala ya .co.ke, au .ke peke yake. Tangu mwaka 2017 Kenya iliruhusu majina yanayomalizikia .ke bila ile co, kwa hiyo jina lako la zamani lenye .co.ke lina pacha wa wazi ambaye yeyote aweza kumchukua.

Majina ya nyongeza: burntforestviazi-malipo.com, burntforestviazi-mombasa.co.ke. Hapa hakuna herufi iliyokosewa hata moja. Jina lote ni lako, ila tovuti si yako.

Jinsi ya kusoma anwani

Fundisha wateja na wafanyakazi wako jambo hili moja: anwani husomwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina, kisha rudi nyuma. Mwenye tovuti ni neno linalokaa mara tu kabla ya mwisho kama .co.ke au .com. Kwa hiyo burntforestviazi.co.ke.lipahapa.com si ya mtu wa viazi. Ni ya mtu wa lipahapa.com. Yaliyotangulia ni mapambo.

Usidanganywe na alama ya kufuli pembeni mwa anwani. Kufuli husema kwamba mazungumzo kati yako na tovuti hayasomwi njiani. Hakisemi kwamba unayezungumza naye ni mwaminifu. Vyeti vya kufuli hutolewa bure tangu mwaka 2015, na mwizi huvichukua kama wewe.

Kwa nini huwezi kuyanunua yote

Wengi hushauri, "Nunua majina yote yanayofanana." Tupige hesabu. Jina burntforestviazi lina herufi 16. Ukiruka herufi moja unapata majina 16. Ukirudia herufi moja, mengine 16. Ukipishanisha mbili zilizo jirani, 15. Ukibadilisha herufi moja kwa nyingine yoyote kati ya 25 zilizobaki, ni 400. Jumla 447, tena kwa mwisho mmoja tu. Kwa .co.ke, .ke na .com ni 1,341. Kwa shilingi elfu moja kila moja, ni zaidi ya milioni moja na laki tatu kila mwaka. Hakuna faida ya viazi itakayolipa hiyo, na bado hujagusa majina ya nyongeza.

Basi chagua. Kwa biashara ndogo, majina matano au sita yatosha: lako lenyewe kwa .co.ke, .ke na .com, kosa moja la sikio ambalo wateja wako hulifanya kweli, kosa moja la macho lililo hatari zaidi, na labda jina lenye kistari katikati. Usikisie. Fungua jumbe za wateja utazame wao wenyewe huliandikaje jina lako. Hayo uliyoyanunua yaelekeze yote kwenye tovuti yako, ili aliyekosea afike nyumbani bila kujua kwamba alipotea.

Kama bado hujafungua biashara, una nafasi ambayo wengine hawana: chagua jina la sikio. Litamke kwa simu mara moja, umwambie rafiki aliandike. Akikosea, badilisha jina kabla ya kuchapisha kadi.

Shika funguo zako mwenyewe

Kabla ya kuhofia mwizi wa mbali, tazama nyumbani. Biashara nyingi hazimiliki anwani zao. Kijana aliyetengeneza tovuti aliisajili kwa jina lake, kwa baruapepe yake, na neno siri analo yeye. Siku mkikosana, au akihamia Doha, jina limeenda naye. Hakikisha mambo haya:

Jina la mwenye kikoa ni lako au la kampuni yako, si la fundi.

Baruapepe iliyosajiliwa ni unayoifungua wewe, tena isiwe ile iliyo kwenye kikoa hicho hicho, maana kikilala nayo inalala.

Akaunti ya wakala ina uthibitisho wa hatua mbili, na kikoa kimefungwa kisihamishwe bila idhini yako.

Malipo ni ya miaka kadhaa mbele au ya kujirudia. Jina lililoachwa likapita muda wake hurudi sokoni, na wapo wanaongoja.

Kwa upande wa baruapepe, mwambie fundi akuwekee kinga tatu ziitwazo SPF, DKIM na DMARC. Hizi huzuia mtu kutuma barua kwa anwani yako halisi. Lakini zielewe mpaka wake: hazizuii barua itokayo bumtforestviazi, kwa sababu hilo ni jina halali la mtu mwingine, na yeye pia aweza kujiwekea kinga hizo hizo.

Ili kujua kama pacha ameshazaliwa, kuna vyombo vya bure. Programu ya dnstwist hutunga makosa ya jina lako na kukuambia yapi yamesajiliwa. Tovuti ya crt.sh huonyesha vyeti vya kufuli vilivyotolewa kwa majina unayoyatafuta. Mara moja kwa mwezi yatosha.

Kanuni ya pesa

Haya yote yakishindikana, kuna ukuta mmoja wa mwisho, nao hauna gharama: akaunti ya malipo haibadilishwi kwa maandishi peke yake. Mwambie kila mteja siku ya kwanza, na uliandike chini ya kila hesabu unayotuma: "Tukibadilisha akaunti au namba ya malipo, tutazungumza kwa simu. Tupigie kwa namba uliyonayo tangu zamani, si iliyo kwenye ujumbe."

Kwa upande wa mteja, soma jina la mpokeaji linalojitokeza kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Likiwa si jina la biashara unayoijua, simama. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Dalali wetu wa mfano angepiga simu kabla ya kulipa badala ya baada ya kulipa, habari ingeishia hapo.

Ukishapigwa

Fuata mpangilio huu, maana saa za mwanzo ndizo zenye thamani.

Pesa kwanza. Piga simu benki au kampuni ya simu mara moja uombe muamala uzuiwe. Usingoje kwanza kuandika ripoti.

Ushahidi. Piga picha ya ukurasa ukionyesha anwani nzima na tarehe. Barua usiifute, wala usiihamishe kwa kuinakili. Maelezo yaliyofichika ndani yake huonyesha ilikotoka.

Lalamika kwa wakala. Huduma ya Whois huonyesha jina limesajiliwa kupitia wakala gani, hata kama mwenyewe amefichwa. Mwandikie wakala huyo pamoja na kampuni inayohifadhi tovuti. Ripoti pia kwa Google, ili vivinjari viwaonye wageni.

Toa taarifa. Nenda polisi upate namba ya OB, na ujulishe kitengo cha taifa cha dharura za mtandao, KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Wajulishe wateja kwa sauti. Wapigie. Onyo lililotumwa kwa baruapepe laweza kuonekana kama barua nyingine ya mwizi.

Sheria inasemaje

Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018. Kifungu cha 28 kinasema anayetumia kwa makusudi jina, jina la biashara, alama ya biashara au kikoa cha mwenziwe bila haki ana hatia. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Kifungu hicho kilikuwa miongoni mwa 26 vilivyosimamishwa na Mahakama Kuu Mei 2018, hadi uamuzi wa Februari 2020 uliporudisha sheria kazini.

Kwa majina ya .ke, msimamizi ni KENIC, nayo ina utaratibu wake wa kusuluhisha migogoro bila kwenda kortini. Kwa .com kuna utaratibu wa kimataifa uitwao UDRP, uliopitishwa mwaka 1999. Mlalamikaji huthibitisha mambo matatu: jina linafanana na alama yake ya biashara, aliyelisajili hana haki nalo, na amelisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Akishinda, jina hufutwa au hukabidhiwa kwake. Halipwi fidia. Na ada yake katika shirika la WIPO, kwa kesi ya jina moja hadi matano mbele ya mwamuzi mmoja, ni dola 1,500.

Angalia neno "alama ya biashara". Wengi hudhani cheti cha jina la biashara kilichotoka eCitizen kinatosha. Hivyo ni vitu vitatu tofauti: jina la biashara husajiliwa kwa msajili wa biashara, alama ya biashara kwa KIPI, na kikoa kwa wakala wa KENIC. Kimoja hakikupi kingine. Alama ya biashara hudumu miaka 10 na huhuishwa, na siku ya mgogoro ndiyo yenye nguvu zaidi mkononi.

Lakini pima mwenyewe. Upande mmoja, shilingi elfu tano au sita kwa mwaka na simu moja kwa kila mteja. Upande wa pili, dola 1,500, miezi ya kungoja, na lori la mbatata ambalo pesa zake hazirudi. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Herufi moja ni mwiba mdogo kuliko yote.

Leo jioni, kabla hujalala, mwombe mtu wa nyumbani aandike anwani ya biashara yako kwa kuisikia tu. Atakachokiandika ndicho cha kwanza kukinunua kesho asubuhi.